Kisu cha Nazareno Bado Kinang'aa

Jumapili hiyo Olegario Bustince aliamka kabla ya jogoo wa jirani. Akafagia uani, akarudia kufagia, kisha akaikokota nje ile meza ndefu ambayo hakuwa ameitoa tangu mkewe Delfina azikwe. Mdogo wake Nazareno alikuwa njiani. Alihamia kusini kwenye visima vya mafuta akiwa kijana, sasa ni mzee mstaafu, na alikuwa anakuja kwao, mji wa Tandil, kukaa siku mbili. Olegario alikuwa na neno moja tu la kumwambia: rudi nyumbani, tuzeeke pamoja.

Neno lenyewe dogo, lakini lilikuwa limemkwama kooni kwa miaka, na aliyelikwamisha ni Nazareno mwenyewe kwa simu zake za Jumapili.

"Kaka, leo tumejaa mpaka viti vimekwisha!" alikuwa akipiga kelele Nazareno, na nyuma yake watu wakishangilia. "Nimetoa kile kisu ulichonipa, kila mtu anakisifia. Unawasikia?"

"Nawasikia. Hata mimi huku nimevamiwa. Majirani wananimalizia nyama, hawana haya hawa."

Majirani gani! Olegario alikuwa amesimama peke yake kibandani nyuma ya nyumba, mkate mkononi. Lakini jamani, mwenzako akikuambia anakula na umati, wewe utasemaje? Kwamba unakula umesimama kwa sababu ukikaa utaona kiti cha pili? Huwezi. Unadanganya kidogo, na Jumapili inayofuata unaongeza chumvi. Na mtu mwenye meza iliyojaa, unamwambiaje aiache aje kukaa na wewe?

Kibandani ndiko zilikoishia siku zake. Alipostaafu kiwanda cha jibini alijitengenezea kijitanuri kwa mtungi wa gesi uliokwisha, fuawe yake ikiwa kipande cha reli, akaanza kufua visu. Hakuuza hata kimoja. Alichukua springi za malori makuukuu, akazitia motoni mpaka ziwe rangi ya chungwa, akazigonga, akazichovya kwenye mafuta zikalia chwaaa, kisha akazisugua kwa msasa mpaka kiwiko kikaomba msamaha. Mwokaji mikate alipewa kisu, daktari alipewa, padri alipewa na hajui akifanyie nini. Vingine vilining'inia ukutani, na vilikuwa vingi kuliko watu aliowajua.

Kizuri kuliko vyote alimpa Nazareno siku ya matanga ya Delfina. Kilitoka kwenye springi ya lori la baba yao, na mpini wake ulikuwa pembe ya paa.

Mchana Nazareno akaingia na begi moja begani.

"Lo! Kaka, umezeeka mpaka masikio yameota nywele!"

"Na wewe kitambi hicho ulikilipia nauli yake, au kimepanda bure?"

Wakakumbatiana, wakapigana makofi mgongoni kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. Olegario akampa kibuyu cha mate, ile chai chungu ya majani inywewayo huko kwao, wakanywa kwa zamu kando ya moto huku mbavu za ng'ombe zikichuruza mafuta juu ya makaa. Nazareno akawa anautazama ule wavu wa kuchomea nyama. Aliutazama kwa muda mrefu.

Huko kwao kila mwanamume huja mezani na kisu chake kiunoni. Kuazimana kisu mbele ya nyama ni kama kuazimana mswaki. Basi walipoketi, Nazareno alipeleka mkono nyuma ya mgongo, akachomoa kisu alani, akakata ubavu.

Kisu kikang'aa!

Olegario akasahau kutafuna. Chuma kile si kama cha visu vya dukani, ambavyo vinabaki vyeupe hata ukivizika. Hiki kikikata nyama leo, kesho kina doa. Kikikata kitunguu, kinageuka. Mtu akikitumia mwaka mmoja, kinakuwa kijivu cha wingu la mvua, na mwenye kisu huona fahari. Hiki cha Nazareno kilikuwa cheupe kama siku kilipotoka kibandani. Wala hakikusuguliwa upya, maana mikwaruzo ya msasa ilikuwa ileile, imelala kutoka mpinini kwenda nchani kama mkono wa Olegario unavyoilaza. Pale mpini unapokutana na chuma palikuwa bado na grisi aliyoipaka mwenyewe.

Miaka yote hiyo hakijawahi kukata hata mkate.

Hasira ikampanda. Kumbe alikitupa sandukuni! Kumbe ananicheka! Neno "mwongo wee" likamfika kwenye meno, akainua uso kulitema. Hapo akamwona mdogo wake anavyokula. Nazareno alikuwa ameinamia sahani, mkono wa kushoto umeizunguka, anakula harakaharaka bila kuinua macho, kama hakuna mtu mwingine uani. Kisha akashtuka, akakumbuka yuko na mwenzake, akacheka bila sababu.

Olegario aliujua ulaji huo. Ni wa kwake. Hasira ikamtoka yote, na moyo ukamuuma kwa namna aliyoijua tangu msiba. Hakukuwa na meza wala watu huko kusini. Mtu anayekula supu ya kopo kwa kijiko, kisu cha kiunoni atakichomoa cha nini?

Angelisema neno lake pale pale. Lakini kulisema ni kumvua nguo ndugu yako mezani. Akamwongezea nyama.

"Kula. Marafiki zako watasema nimekukondesha."

"Watasema, wale," akasema Nazareno, akainama tena.

Siku mbili zikaisha kwa mate na habari za marehemu. Olegario akamsindikiza stendi, basi likaondoka, akarudi nyumbani na neno lake vilevile kooni. Alijiona mjinga, akaziacha springi zake zilale baridi juma zima.

Jumapili simu ikalia. Nyuma ya Nazareno umati ulikuwa unashangilia kama kawaida.

"Kaka, leo tumejaa! Lakini sikiliza," sauti ikashuka, "kile kisu kimeingia doa. Tangu siku ile ya kwako. Jeusijeusi, lina samawati ndani yake. Nimelisugua kwa majivu halitoki. Nimekiharibu?"

Olegario akakaa chini. Njia ya mwongo ni fupi, ndiyo, lakini hii ilikuwa imewachukua miaka.

"Hujakiharibu, Naza. Hiyo ndiyo rangi yake. Kinakuwa hivyo kikianza kukata nyama."

Umati uliendelea kushangilia, kisha ukakatika ghafla, pwa, na pakawa kimya kabisa.

"Ilikuwa televisheni," akasema Nazareno.

"Najua."

"Na wewe, kaka... wavu wako una kutu kote. Kona moja tu ndiyo nyeusi ya mafuta. Kona ya kipande cha mtu mmoja."

"Niliona unavyoutazama."

Hapo Olegario akafumba macho, akalitoa neno lake kama mtu anayeng'oa jino.

"Rudi nyumbani, Naza. Tuzeeke pamoja."

Akaibana simu sikioni.

"Kile kitanda ulichonilaza," akasema Nazareno mwishowe, na sauti yake ilikuwa imelowa, "kimenivunja mbavu. Mimi kitandani pale silali tena."

"Nitakibadilisha."

"Na usinikoromee."

"Nakoroma mimi? Wewe ndiye uliyefukuza paka!"

Alipoweka simu hakuingia kibandani. Akatafuta brashi ya waya, akatoka uani, akapiga magoti mbele ya wavu, akaanza kuusugua ule upande wenye kutu.