Kabla ya Kuwasha

Shemeji yangu alikuwa na desturi ya kuomba kabla ya kuwasha mashine. Nasema kabla. Neno hilo lishikeni, maana wapo watu waliolipwa mshahara ili walihamishe mahali pake.

Kiwanda chetu kilitengeneza makopo ya rangi. Yeye, mjane wa kaka yangu, alikaa kwenye mashine ya kukata vifuniko. Unaweka bati, unabonyeza vitufe viwili, kimoja kwa mkono wa kulia na kimoja kwa wa kushoto, ndipo kisu kinashuka. Viwili, ili mikono yote iwe mbali na kisu. Aliyeibuni mashine ile alifikiria vidole vya watu.

Kila asubuhi aliweka viganja juu ya chuma baridi, akafumba macho, midomo ikacheza, akasema amina, akafumbua, ndipo akazungusha swichi. Hakujificha. Wakamwita Mama Amina.

"Mama Amina, umenitaja na mimi?" wapakiaji walimchokoza.

"Nimekutaja, ila kwa kifupi. Dhambi zako ni nyingi, na kazi inaanza saa moja."

Walicheka, lakini hawakumpenda sana. Alikataa kumtilia sahihi mwenzake aliyechelewa. Aliandika vifuniko alivyokata, si zaidi, na siku aliyoharibu bati aliandika kwamba ameharibu. Mtu wa namna hiyo anachosha. Hata mimi alinichosha. Saa ya chai mimi ndiye niliyepanda juu ya kreti kuwaeleza watu haki zao, yeye akisikiliza huku anatafuna mkate, kisha ananiuliza, "Hayo unayoyasema, shemeji, na ofisini utayasema?"

"Wakati ukifika," nilimjibu.

Sasa waya. Msimamizi wetu alikuwa mzee wa kanisa lile lile analosali shemeji. Jumapili ndiye aliyepitisha kapu la sadaka. Jumatatu moja alinijia, mimi fundi wa mashine, akasema kwa upole wake ule, "Fundi, kitufe cha kushoto kinatuchelewesha. Kifunge." Nikakifunga. Waya wa chuma, mizunguko mitatu, kitufe kikabaki kimebonyea kutwa nzima. Mkono wa kulia ukawa unabonyeza, wa kushoto unasukuma bati chini ya kisu. Vifuniko vikaongezeka. Shemeji aliuliza waya ule ni wa nini, nikamwambia ni agizo. Alimwendea msimamizi mara mbili. Mara ya pili aliambiwa kwamba Mkristo wa kweli huwatii walio juu yake.

Ajali ilitokea saa nne na nusu. Tangu aombe yalikuwa yamepita masaa matatu na nusu. Kisu kilichukua vidole viwili vya mkono wa kushoto. Gari la kumpeleka hospitali lilikuwa halijatoka getini msimamizi aliponiambia, "Safisha pale." Nilimwelewa. Nilifuta damu, nikafungua waya, nikautia mfukoni.

Ripoti ikaandikwa: "Mfanyakazi alikuwa amefumba macho akiomba."

Nilikuwepo wodini msimamizi alipoileta, yeye na mchungaji wa kanisa lao. Akitia sahihi, angerudi kazini, meza ya kubandika lebo. Akikataa, basi amevunja kanuni za usalama, aende nyumbani. Na nyumbani kulikuwa na mabinti wawili wa shule, na mama mkwe, yaani mama yangu mzazi, wote wanamtazama yeye.

Mchungaji alikaa ukingoni mwa kitanda. "Mama, kwani ni aibu kuandikwa kwamba ulikuwa unaomba?"

"Si aibu, mchungaji. Ni uongo."

"Ni karatasi tu hii."

"Niliomba saa moja. Saa nne na nusu macho yangu yalikuwa wazi. Niliviona vidole vyangu vinaondoka."

Walipotoka akanigeukia. "Waya uliufunga wewe, shemeji. Kesho kutwa wataniuliza ofisini, na mimi nitasema. Ungetangulia wewe ingependeza."

"Watanifukuza."

"Ndiyo," akasema.

Ofisini tulikuwa saba. Alisema yote, taratibu, mkono umening'inizwa kifuani kwa bandeji. Meneja akanigeukia. "Fundi, kulikuwa na waya?"

Waya wenyewe ulikuwa mfukoni mwa suruali yangu. Ulikuwa unanichoma pajani.

"Sikuuona," nikasema.

Wapakiaji wawili walioitwa kuwa mashahidi walinitazama mimi, mtu wa kreti, mtu wa haki. Na wao wakasema hawakuuona. Sijawahi kuwaongoza watu vizuri kama siku ile.

Akaachishwa kazi. Mchungaji akasema tufunge kwa sala, tukainamisha vichwa. Nilipochungulia, macho mengine yaliyokuwa wazi mle ndani yalikuwa ya shemeji tu, na yalikuwa yananitazama.

Wiki ile ile likabandikwa tangazo ukutani: ni marufuku kuomba kwenye mashine. Jumatatu msimamizi akaongoza ibada ya wafanyakazi kwa kipaza sauti, pale pale chini ya tangazo. Kisha akaniita pembeni kuhusu kitufe cha kushoto. Nikautoa waya mfukoni. Nilikuwa bado nao. Mizunguko mitatu.

Miaka sita imepita. Mwezi uliopita nilikwenda kwake. Mama yangu alinifungulia mlango na hakuniambia karibu. Shemeji alikuwa uani anaanika nguo, vibanio kavishika kwa meno, maana mkono ule haushiki vitu vidogo.

"Shemeji," nikasema, "waya niliufunga mimi. Na nilidanganya."

Alitoa vibanio mdomoni. "Mimi unaniambia ya nini? Nilikuwepo." Akanyoosha shuka kwenye kamba, akalipiga kofi likanyooka. "Kawaambie wasiokuwepo."

Ninyi hamkuwepo. Waya bado upo: mashine ya tatu kutoka mlangoni, kitufe cha kushoto.