Bariere ya Bel-Air

Asubuhi hiyo Émerance alipaka mawese kwenye kikono cha kuzungushia bariere, nguzo ya kuzuia magari treni inapopita. Grisi ya kampuni ya reli ilikwisha tangu marehemu mume wake, aliyemwachia kazi hii, akiwa bado mlinzi hapa Bel-Air, mahali barabara ya malori inapokata reli, na mishahara nayo ilipotelea huko huko. Mawese yenyewe alikuwa ameyabakiza ya kuungia sombe, yale majani ya muhogo. Basi, watoto watakula sombe bila mafuta. Leo bariere isikwame.

Leo ilikuwa inapita treni ya majaribio. Wenye mgodi walikuwa wamechoka na malori ya kukodi kulala kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa, wakasema watapakia shaba kwenye mabehewa mara moja tu, waone. Ikifika mpakani Sakania kabla ya jua kuzama, watahamia reli. Isipofika, shaba itabaki barabarani, na kampuni itafunga kipande hiki cha njia pamoja na vibanda vya walinzi. Kibanda cha Émerance, vyumba viwili pembeni mwa bariere, ndiyo nyumba pekee aliyokuwa nayo.

"Mama Glodie!"

Alikuwa Ruben, delege wa sendika, yaani mjumbe wa chama cha wafanyakazi wa reli. Huyu ndiye aliyekaa kwenye reli pamoja na wafanyakazi wakati wa mgomo wa mishahara, akalala rumande na mume wa Émerance. Ndiye aliyemshika mtoto wao Glodie kanisani siku ya ubatizo. Ndiye aliyebeba jeneza, upande wa kichwa. Bel-Air nzima Émerance hakuwa na mtu wa kumwamini zaidi yake.

"Papa Ruben, leo njo leo. Nimeipaka mafuta, itashuka muzuri."

"Sikia, mama. Usiishushe mbio. Bale bashofere beko na kasirani juu ya ile treni, batakupiga mawe. Ungoje mupaka usikie treni inalia, njo ushushe."

"Lakini sheria inasema gare ikipiga simu nishushe palepale."

"Mimi njo sendika. Mukubwa akiuliza, nitajibu mimi. Usiogope, niko hapa."

Simu ya gare, yaani ya stesheni, ikalia. Émerance akashika kikono, akamtazama Ruben. Ruben akainua kiganja: bado. Malori yakapita, moja nyuma ya jingine, vumbi likamwingia mdomoni. Alingoja. Mtu aliyemzikia mume hawezi kumpotosha, ndivyo alivyojiambia.

Treni ikalia kwa mbali. Émerance akazungusha kikono kwa nguvu zake zote. Bariere ilianza kushuka vizuri kabisa, na lori la kichwa cha buluu likajipenyeza chini yake, likasimama katikati ya reli. Likazima.

"Chomba! Tosha gari mu reli!" Alimjua dereva, mteja wake wa karanga wa kila siku.

"Motere imekufa, mama," Chomba alisema bila kumtazama.

Émerance akachukua bendera nyekundu, akakimbia kati ya vyuma vya reli akiipunga, kiatu kimoja kikabaki nyuma. Treni ikafunga breki, ikalia, ikasimama karibu mno. Injinia wa mgodi akashuka, akatazama lori, akatazama jua. Ruben alikuwa anapiga kelele kuliko wote: leteni fundi, jamani, leteni fundi! Fundi hakutokea. Wakasukuma, lori limejaa shaba, litasogea wapi? Jua likakaa utosini, likaanza kuteremka. Injinia akaita gari lake.

"Nimeona," alisema. "Inatosha."

Vumbi la gari lake halijatua, Chomba akazungusha ufunguo. Motere ikawaka mara moja.

Loo! Émerance akapanda ngazi ya lori, akamshika dereva shati. "Si ulisema imekufa?"

"Mama, unisamehe. Patroni alisema ningoje mupaka bale bantu baende."

"Patroni gani?"

Chomba akaonyesha kwa midomo. Kule, Ruben alikuwa anajifuta jasho kwa kitambaa.

"Gari iko yake. Hii na zile ingine zote za buluu. Haukujua?"

Hakujua. Aliteremka polepole, kana kwamba msiba wa mume wake umerudi upya.

Kesho yake, katika ofisi ya mkuu wa gare, waliketi watatu.

"Simu ilifika?" aliuliza mkuu.

"Ndiyo, shefu."

"Sababu gani haukushusha?"

"Delege aliniambia ningoje. Uyu hapa. Umuulize."

Ruben akaweka mkono kifuani. Sauti yake ilikuwa ile ile ya makaburini. "Shefu, huyu mama iko kama dada yangu. Tangu mume wake afe, mawazo ni mengi. Tusimufunge. Ila kazi hii haimufai tena."

"Ruben! Niangalie mu macho!"

Ruben alitazama dirisha. Mkuu alishukuru sendika kwa busara yake.

Kipande cha njia kikafungwa. Ruben akanunua uwanja wa mabehewa wa kampuni ya reli pamoja na vibanda, akamwaga changarawe juu ya reli, malori ya buluu yakajipanga hapo. Jirani walinong'ona, kisha wakaenda kumwomba kazi. Siku moja akabisha hodi kibandani, na kilo za unga mkononi.

"Mama Glodie, siwezi kukutupa. Utabaki mu nyumba. Kazi iko pale, ni ile ile unayoijua."

Émerance aligeuka kumtazama mtoto. Glodie alikuwa ameshapokea unga.

Jumatatu alfajiri alisimama mlangoni mwa uwanja. Bariere ilikuwa imehamishiwa pale, imepakwa rangi ya buluu. Lori la kwanza la Kasumbalesa lilikuwa la Chomba. Akapiga honi kwa aibu, kidogo tu. Émerance akashika kikono. Kilikuwa kimejaa grisi mpya, nyingi, ikamchuruzika vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Akazungusha, na bariere ikapanda bila kulia hata kidogo.