Sakafu ya Pijo ya Mzee Efraimu

Imelda alilileta gari la baba yake kwenye karakana ya Shadrack juu ya lori, limefungwa kamba kama ng'ombe wa mnadani. Lilikuwa Pijo 404 ya rangi ya maziwa, iliyolala miaka kumi na tisa katika banda la kahawa huko Iyula, kuku wakitagia kiti cha nyuma.

"Fundi, nataka lirudi kama lilivyotoka kiwandani," alisema. "Hata chini, mahali pasipoonekana. Hasa huko chini."

Shadrack alicheka. Kwa miaka thelathini na sita ya kunyoosha bodi za magari pale Tunduma, hakuna aliyewahi kumtajia chini ya gari isipokuwa kwa kuziba matundu.

"Chini nani atapaona, mwanangu?"

"Baba haoni kabisa. Sukari imemla macho yote mawili. Ukilipaka hata rangi ya kijani hatajua. Ila gari hili alilinunua jipya, na mlio wake anaujua kama anavyoijua sauti yangu. Sasa na figo zinachoka, fundi. Anataka kulipanda mara moja tu, afike Vwawa na kurudi."

Ilibidi ayarudie maneno hayo, na mara ya pili Shadrack akamsogelea na kumtazama mdomo. Akayalaumu malori. Foleni ya malori ya kwenda Zambia ilikuwa imejipanga mbele ya karakana tangu alfajiri, na kuyalaumu malori ilikuwa desturi yake. Nyumbani alimlaumu mkewe, Nesta, kwamba siku hizi anazungumzia ndani ya kinywa. Kanisani alilaumu spika.

Kazi yenyewe ilimpendeza kuliko alivyotarajia. Alilala chini ya gari siku nne na kikwangulio mkononi. Alianza na tope jekundu la Mbozi, chini yake akakuta oili chafu iliyogandamana, kisha, juu ya gurudumu la nyuma, akaikuta ngozi yenyewe ya kiwandani, lami ya kuzuia kutu: nyeusi, ina vipele kama ganda la chungwa, nene penye magurudumu na nyembamba kuelekea kingo. Pembeni palikuwa na vumbi la rangi ya maziwa lililorukia hapo siku bodi ilipopulizwa. Kulikuwa hata na tone moja lililoganda likining'inia. Hilo hakuligusa. Ndani, chini ya zulia, sakafu ilikuwa imetandikwa vipande vya lami vilivyochapwa vimiraba ili kuua kelele za bati. Vilikuwa vimepasuka kama majaruba ya mpunga ya Kamsamba wakati wa kiangazi. Kimoja tu, chini ya kiti cha dereva, kilikuwa kizima.

Dawa ya makopo ya kupaka chini, iliyoletwa kutoka ng'ambo ya mpaka aliikataa, maana ilikuwa laini na iling'aa kama kiatu kilichopigwa kiwi. Akachemsha lami yake mwenyewe, akatia unga wa tairi zilizosagwa na chokaa kidogo, akaupuliza mchanganyiko ule, mara kwa mbali, mara kwa karibu, mpaka vipele vikafanana na vya zamani. Kingoni akarushia rangi ya maziwa kama alivyoikuta. Vipande vya sakafu alivikata kwa kufuata karatasi za kipimo, akavipiga chapa kwa wavu wa dirisha, akavibandika kwa gundi.

Kisha akachukua kijiko cha chai. Aligonga bati chini ya kile kipande kizima cha kiwandani: tup. Akagonga chini ya kipande chake: tup. Akahamia cha pili, cha tatu, mpaka kwenye buti. Kila mahali tup. Jioni hiyo alirudi nyumbani ameinua kifua kama kijana aliyekubaliwa posa.

Jumamosi, injini ikiwa imekwisha kufufuliwa, yeye na Imelda walikwenda kumchukua Mzee Efraimu. Alikuwa amevaa koti la ibada na kofia. Wakamkalisha mbele, naye akapapasa dashibodi polepole, kitufe kwa kitufe, akitabasamu. Imelda akakaa nyuma. Walipoifikia barabara kuu, Shadrack alielekea kwanza upande wa Nanyala, penye lami nzuri, akakanyaga mafuta. Gari lilitulia. Shadrack alisikia utulivu ambao hajawahi kuusikia katika gari lolote, akajiambia kwamba hata wazungu walioliunda hawakufanya vizuri zaidi.

Alipogeuka, mzee alikuwa amemwelekezea uso, midomo ikicheza.

"Naam, mzee? Limetulia, sivyo?"

Mkono ukamshika bega. Imelda alikuwa ameinamia mbele, mishipa ya shingo imemsimama. Shadrack akasimamisha gari pembeni, akazima injini, na hapo ndipo maneno yalipomfikia.

"Baba amekuuliza mara tatu! Nini kinanguruma hivi chini?"

"Kinanguruma wapi?"

Imelda akamtazama muda mrefu. Hasira ilimtoka usoni taratibu, na kilichobaki baada yake kilimuuma Shadrack kuliko hasira yenyewe.

Mzee Efraimu akavua kofia, akaiweka magotini. Akainama kuelekea sikio la fundi, kama aliyekwisha kuelewa kila kitu, akasema kwa sauti kubwa lakini bila ukali, "Hili si gari langu, baba. Nirudisheni nyumbani. Nimechoka."

Kesho yake baada ya ibada, Shadrack alimchukua mkewe mpaka karakana, akampa kijiko. Nesta alijikunja chini ya gari na kitenge chake kizuri, akagonga.

"Hapa tup," alipaza sauti. Akasogea. "Hapa panalia. Hapa panalia pia. Kama sufuria tupu, Baba Lucky."

Shadrack akamnyang'anya kijiko, akagonga mwenyewe, akagonga mpaka mpini ukapinda. Kote palikuwa sawa.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi. Birika linachemka mpaka linamwagika, nawe umekaa kando yake." Alikuwa anatazama chini. "Niliona haya kukwambia."

Shadrack alikaa juu ya tairi bovu akaitazama mikono yake, iliyoshika nyundo tangu akiwa na miaka ishirini na mbili, akifikiria magari yote yaliyotoka hapo siku za karibuni. Wenye magari walimwambia asante. Sasa hakujua ni mangapi yaliondoka yakilia.

Kosa lilikuwa kwenye gundi. Ilishika pembe tu, katikati pamebaki hewa, na bati lenye hewa juu yake hupiga kelele kama kawaida. Akabandua vyote. Akavirudishia kimoja kimoja, akivikandamiza kwa pasi ya mkaa mpaka lami ikalainika na kukaa katika kila bonde la bati. Nesta alikuwa chini na kijiko kingine. Pakikubali anainua kidole gumba, pakikataa anatikisa kichwa. Ilichukua siku kumi na moja. Siku nyingine Shadrack alitoka nje kuvuta hewa, akashindwa kurudi ndani mpaka mkewe aje kumshika mkono.

Siku ya kumi na mbili simu ilimulika kwenye meza ya vyuma. Nesta akaipokea. Shadrack aliona mkewe akiziba mdomo kwa kiganja, akajua kabla hajaambiwa. Mzee Efraimu alikuwa amefariki hospitalini asubuhi ile.

Imelda alikuja kulichukua gari siku ya mazishi. Aliendesha mwenyewe, Shadrack akiwa kando yake katika suti iliyombana. Njia nzima Imelda alizungumza, tena kwa upole, bila kunyoosha shingo wala kuinua kidevu. Shadrack aliona midomo ikienda, ikisimama, ikienda tena. Mara moja alifuta machozi kwa mgongo wa mkono. Shadrack alitaka kumuuliza kama sasa gari limekuwa kama la zamani, akaacha. Angeulizaje, na jibu asilisikie? Walipoingia Iyula, Imelda alizima injini, akamgeukia, akasema kitu kifupi. Shadrack akaitikia kwa kichwa.

Jumatatu dereva mmoja wa Zambia aliegesha lori mlangoni. Alinyoosha kidole chini ya kichwa cha lori, akafumba ngumi na kuitikisa kuonyesha jinsi kitu kinavyogongana, huku akieleza.

Shadrack alifuta mikono kwa tambara, kidole kwa kidole, akikawia.

"Mimi sisikii, ndugu yangu," akasema. Alikuwa hajawahi kumtamkia mtu maneno hayo. "Mambo ya mlio siyawezi tena. Nenda kwa Watson, pale mbele ya kituo cha mafuta."

Dereva akasema neno moja au mawili, akapanda lori lake. Shadrack alisimama mpaka vumbi likashuka. Kisha akaanza kuvuta milango ya karakana, ingawa saa sita ilikuwa haijafika.