Mpangaji Mwenye Koti Jekundu

Tangu baridi iishe, kila Jumamosi mjukuu wangu Humphrey hutoka hapa Lewisville na kamera yake, akaenda milima ya Arkansas kumtafuta mbweha mwenye watoto. Hurudi na picha za mawe. Mimi hakubali kunichukua, eti nacheka sana, nitamkimbizia wanyama.

Ijumaa moja nikamwambia, "Kitendawili."

"Tega, Bibi."

"Mpangaji mwenzetu ana koti jekundu na watoto watatu, lakini hana ufunguo."

"Si Moraa huyo, nesi wa ghorofani?"

"Moraa hana hata mtoto mmoja. Umeshindwa, nipe mji."

"Chukua Plano."

"Plano ni tambarare kama meza. Nipe mlima, na kiti cha mbele."

Akacheka, akanipa. Ndipo nikamwonyesha picha niliyopiga kwa simu: mbweha ananyonyesha watoto watatu nyuma ya pipa la taka la hapa kwetu.

Aliikodolea macho. "Bibi, kesho siendi popote. Nakaa pale penye pipa."

"Utakaa Jumapili. Kesho umeshanipa mlima."

Alfajiri alinikuta garini nimefunga mkanda, yeye hajavaa hata viatu.