Daftari la Wingi

Liévin alimpa mwuza mikate daftari la binti yake, nalo limechanwa lote.

Kila mwaka shule zikifungwa, nyumba za mtaa ule wa Lubumbashi humpelekea Mama Hortense madaftari ya zamani, afungie mikate yake ya mafuta. Liévin, mchomeleaji vyuma aliyeishia darasa la nne, aliona safu mbili za maneno akadhani ni masomo yaliyokwisha.

Hayakuwa masomo. Tangu akiwa na miaka kumi na mmoja, binti huyo, Deborah, na rafiki yake Chancelvie walikuwa wakitunga lugha. Sasa ana kumi na sita. Safu ya kwanza ilikuwa majina, ya pili wingi wake.

"Si utaandika tena, mama?" Liévin alimuuliza Deborah.

"Nitatosha wapi yale maneno, papa? Jiwe ni pelu, mawe ni pelusi. Ile ya njia moja, sawa. Lakini mama ni nuri, bamama ni ketabwe. Ukimupa kitu, nuri inakuwa nurak. Ukimunyang'anya, inakuwa sote. Tuliandika ku bipande bya karatasi, tukatia mu kopo ya maziwa, tukatosha moja moja bila kuangalia. Haina njia. Ni kukumbuka tu."

"Na wewe haukumbuki?"

"Njo maana niliandika!"

Liévin alikwenda mbio kwa Mama Hortense. Yule mama hakuinua macho kwenye karai.

"Papa Deborah, kaye yako, ile daftari, iliisha jana asubuhi. Wende kutafuta ku ma-WC ya bantu!"

Wanunuzi wakaangua kicheko. Liévin aliinama mbele yao, akaufuata mfereji hadi barabarani, akiokota karatasi moja moja. Nyingi mafuta yalikuwa yameshakula wino. Alizikausha juu ya bati, akazitazama zikijikunja.

Akampigia simu Chancelvie, ambaye wazazi wake walihamia Kilwa.

"Ile luga yetu ya butoto?" Msichana alicheka. "Papa, unanichekesha kweli!"

Alijitahidi kwa adabu. Akakumbuka maneno sita.

Jioni Liévin alileta kopo tupu la maziwa, akaliweka mbele ya binti yake.

"Utoshe mengine mu kopo basi. Nitakukatia karatasi mimi mwenyewe."

Deborah alilisogeza pembeni taratibu, kama mtu anayekataa chakula ugenini.

"Hayo yatakuwa ya luga ingine, papa."

Liévin alibaki ameshika mkasi. Chuma kikivunjika anajua pa kuanzia. Hapa hakujua hata pa kushika.

Majina yalikuwa mia nne na kumi na mawili. Mia moja na manane yalifuata kanuni. Deborah aliyaandika upya. Themanini aliyatoa kichwani. Mfereji ulirudisha ishirini na tisa, Chancelvie sita. Mia moja themanini na tisa hayana wingi tena. Ni miaka mitano ya kazi, na tangu wiki ile Deborah hajaongeza neno hata moja.