Dozi ya Mzigo

Klara alikuwa ameegemea ukuta wa stoo, magoti kayakunja kama mtu aliyekalia kigoda kisichokuwepo, jasho likimtoka hata kazi haijaanza. Waliopita walicheka. Mmoja akamuuliza kama choo kimejaa. Klara akakaza meno, akaendelea kubaki vilevile, maana ndivyo alivyoelekezwa na Ritha, binti wa chumba cha mazoezi ya viungo hospitalini.

Machimbo yako nje kidogo ya Masumbwe. Kazi yake ni kutoa viroba vya mawe kwenye mdomo wa duara, yaani shimo la dhahabu, na kuvipandisha kilimani hadi kwenye karasha, mashine inayosaga mawe. Mawe yenyewe watu wa pale wanayaita mzigo. Kupanda na kushuka huko ndiko kulikomlia kano ya goti la kulia. Asubuhi lilikuwa likigoma kukunjuka kama bawaba yenye kutu.

Alipokwenda hospitali alitaka sindano, kama kila mtu. Ritha akamkatalia. Sindano ingenyamazisha maumivu tu, huku kano ikizidi kulika. Kano inafundishwa nguvu upya, taratibu, kwa mazoezi ya kila siku, na kwa muda huo Mama Luka, kama Klara alivyoitwa na wengi, asipandishe kiroba hata kimoja. Akikaidi, atazeeka akiburuta mguu.

Basi akamwendea Valerian, msimamizi, kuomba ahamishiwe kwenye kuchekecha unga wa mawe, kazi ya kukaa. Sasa, viti vya kuchekecha vinagawiwa na Valerian, na mwanamke hapati kiti mpaka aijue njia ya chumbani kwa Valerian. Ndiyo hivyo, tusizunguke mbuyu. Klara njia hiyo hakuijua wala hakutaka kuonyeshwa, na Valerian alikuwa hajamsamehe. Akasema anataka kumsikia huyo daktari mwenyewe. Akapiga simu, akaweka spika, wanawake wote wakasogea.

Ritha akapokea kwa adabu. Akaeleza polepole, kama anayezungumza na mtu mwenye nia njema.

"Kano ya goti inapona kwa kupewa mzigo, kaka. Kidogo kidogo, mzigo uliopimwa. Sasa huo wa kilimani ndio…"

Valerian akakata simu.

"Mmesikia wenyewe," akasema. "Inapona kwa kupewa mzigo. Haya, Mama Luka, kimbilia dawa."

Watu wakaangua kicheko. Klara akajaribu kueleza kwamba mzigo wa Ritha ni uzito wa mwili wake mwenyewe pale ukutani, siyo mawe. Valerian akajibu kwamba yeye siye aliyesomea udaktari; mzigo ni mzigo. Lione na meno yake! Suzana, mbebaji mwenzake, peke yake hakucheka. Yeye tumbo la ujauzito lilikuwa limeshaanza kumzuia kuinama, naye pia aliomba kiti akanyimwa.

Klara akabeba. Angefanya nini, na pale getini wamepanga foleni wanaongoja mmoja aanguke? Kufika mchana goti lilikuwa limevimba, anapanda kwa kuvuta mguu, na kila akipita Valerian anamuuliza dozi ya ngapi hiyo. Mtu mzima mwenye mke na watoto, anafurahia jambo kama lile. Inatia kichefuchefu.

Alasiri akaja Deusdedit, tajiri mwenye duara, ameshuka kwenye gari na viatu vyeupe. Valerian akamsimulia mkasa wote. Tajiri akacheka mpaka akashika kiuno.

"Kumbe hapa kwangu pia ni hospitali," akasema. Akamgeukia Klara aliyekuwa anapita. "Unaendeleaje na matibabu, mama?"

Klara akasimama. Akakishusha kiroba taratibu, akakiweka juu ya viatu vile vyeupe.

"Dawa ni nzuri, bosi. Meza na wewe, hicho kitambi kinakuumiza."

Hakuna aliyecheka. Akafungua khanga kiunoni, akaifunga upya, akaondoka akichechemea kuelekea getini. Huko wa mbele kwenye foleni alikuwa ameshanyanyuka.

Tajiri akavuta miguu yake, akakung'uta vumbi. Kiroba hakukigusa, wala Valerian hakukigusa. Akaitwa Suzana akibebe. Akakibeba.