Allen Anachagua Programu

Kuna watu wakinunua kuku, wanakula kuku. Allen Sumari akinunua kuku, anajiunga kwanza na kundi la WhatsApp la wafugaji. Kwa hiyo alipoleta nyumbani ile mashine ya kuchonga mbao, ndogo ya kukaa mezani, inayoendeshwa na kompyuta na ambayo wenyewe wanaiita CNC, mkewe Irine alijua kabisa kwamba mbao zitasubiri.

Mashine ilifika mtaani kwao, Kwa Mrombo, ikiwa vipande vipande ndani ya boksi. Allen akaiunganisha wiki nzima, skrubu kwa skrubu, na tusimwonee, aliiunganisha vizuri. Shida ilianza alipotaka kuiendesha kwa laptop yake. Laptop ya Allen ni Mac, na hilo angekuambia mwenyewe kabla hujamaliza kumsalimia. Aliinunua imetumika, kwa mtu aliyekuwa anahama, na tangu siku hiyo hajawahi kuifungua pale ofisini kwao, kwenye bima, bila kuhakikisha lile tunda lililomegwa linawatazama wateja.

Sasa programu iliyokuja na mashine ilikuwa ya Windows tu. Irine ana duka la stationery Kaloleni, na dukani ana kompyuta kuukuu ya Windows ambayo haijawahi kumwangusha. Akamwambia mumewe, ichukue hii, fanya kazi yako, umalize. Allen akachekea puani. Akasema yeye hawezi kuendesha mashine ya kisasa kwa kompyuta ya kuchapia barua za kuomba kazi. Kompyuta hiyohiyo, bwana mkubwa, ndiyo inayomsomesha binti yako Hope, lakini Irine hakulisema. Aliendelea kumenya ndizi.

Ingekuwa ni mchezo wa mtu mzima na kidude chake, ningemwacha. Lakini palikuwa na ubao. Baba yake, mzee Ephraimu Sumari, alifariki mwaka jana huko kwao, kilimani juu ya Maji ya Chai. Mwaka aliooa, mzee huyo alipanda mringaringa katikati ya kahawa, na mti ulipozeeka ukaangushwa, ukapasuliwa, ukaisha. Ukabaki ubao mmoja, urefu wa mkono, ambao mjane wake, mama Elinipa, aliukausha miaka na miaka darini juu ya jiko. Familia ilikuwa inatoa benchi jipya kanisani. Mama alitaka jina la mumewe lichongwe kwenye ubao ule, ugongomelewe kwenye benchi, na mchungaji auweke wakfu Jumapili ya mavuno. Hakutaka kingine chochote duniani.

Lemburis, fundi seremala wa pale Maji ya Chai, alisema kwa patasi yake ni kazi ya mchana mmoja. Allen akaruka. Jina la baba lichongwe kwa patasi, na mtoto wake wa kiume yupo hai na ana CNC? Mama akapanda kwenye ngazi mwenyewe, akaushusha ubao, akaupangusa masizi kwa kanga yake.

"Hakuna mwingine, Allen," akasema. "Ukiharibika huu, basi."

Ilikuwa imebaki miezi mitatu.

Mwezi wa kwanza Allen aligundua kwamba kumbe si programu moja inayotakiwa, ni kazi tatu. Kuna ya kuchora. Kuna ya kukipangia kisu cha mashine njia ya kupita. Halafu kuna ya kupeleka zile amri kwenye mashine, moja baada ya nyingine, mpaka kazi iishe. Na zote zikubaliane na Mac! Mtu mwingine angechukua ya bure, ya wanaoanza, akachonga kijiko kibaya, akajifunza. Allen akafungua jedwali. Akaweka rangi. Akawa anakesha na wazee wa Kimarekani wa YouTube, waliostaafu, wenye gereji kubwa kuliko usharika wetu, wanaobishana programu ipi ni rahisi kwa anayeanza. Akajiunga na kundi la wachongaji wa kidijitali, wanachama tisini, wenye mashine wanne. Mmoja wa wale wanne akamwandikia kwa upole kwamba atumie kompyuta yoyote iliyo karibu. Allen akamjibu kwa ujumbe mrefu ambao hata mimi ningeona aibu kuusoma.

Programu moja ilikuwa nzuri ila inataka intaneti muda wote. Nyingine ilikuwa ya Mac kweli, lakini Mac ya zamani kuliko yake. Ya tatu ilikubali kama angeingiza Windows ndani ya Mac, jambo ambalo Allen aliliona sawa na kuoa mke wa pili kwenye nyumba ya Kilutheri. Mwezi wa pili ukakatika hivyo. Mashine ikawa inaanikiwa soksi za Hope.

Mama Elinipa hakuwa anasumbua. Alikuwa anapiga simu Jumapili baada ya ibada, anauliza habari za mjukuu, anauliza habari za mvua, halafu anauliza habari za ubao. Allen anamjibu kwamba bado yupo kwenye utafiti. Siku moja yule mama akasema mchagua jembe si mkulima, akaaga, akakata simu. Allen akamwambia Irine kwamba wazee hawaielewi teknolojia.

Mwezi wa tatu akachagua. Ukitaka kujua alichaguaje baada ya utafiti wote ule, nitakuambia, na sitamfichia aibu: alichagua kwa herufi. Programu ile ilikuwa na mwandiko wa mikia na mapindo, na kwa mwandiko huo jina ALLEN lilipendeza mno. Unashangaa jina la Allen linatafuta nini kwenye ubao wa marehemu? Na mimi nilishangaa. Juu aliandika jina la baba yake. Chini, kwa herufi zinazolingana kabisa na zile za juu, akaandika ALLEN, MWANAWE, AMETOA ZAWADI HII. Hakuna aliyemtuma. Akajaribu kuchonga ua moja dogo kwenye kipande cha plaiwudi, likatoka, na kichwa kikavimba.

Jumamosi, siku moja kabla ya mavuno, akaipakia mashine kwenye gari akaipeleka kilimani kwa mama yake. Kazi ile angeweza kuifanya kimya kimya gereji kwake. Lakini nani angemwona? Alitaka ukoo uone. Wakaja shangazi, wakaja majirani, akaja Lemburis mwenyewe, aliyealikwa mahususi aje aone mwisho wa patasi. Akaja pia mwinjilisti Anande wa mtaa ule, mtu mwema, ambaye akifunga macho kuomba ni shida kuyafungua. Meza ikawekwa uani. Ubao ukabanwa. Waya wa umeme uliotoka dirishani ulikuwa na tundu mbili tu: moja ikachukuliwa na mashine, nyingine na mota inayozungusha kisu. Laptop ikabaki na betri yake, na Allen akasema Mac haina shida ya betri.

Akabonyeza. Kisu kikashuka, vumbi la mringaringa likaruka, na harufu yake ikajaa uani. Mama Elinipa akaweka mkono mdomoni. Ilikuwa nzuri, sitasema uongo.

Mwinjilisti akaona haifai jambo kubwa hivi liendelee bila kukabidhiwa kwa Bwana. Akasema tuombe. Watu wakasimama, wakainamisha vichwa, wakafumba macho, na Allen naye akaiacha laptop akakunja mikono. Mota ilikuwa inanguruma, na mwinjilisti akapaza sauti kuishinda. Akaombea familia. Akaombea wajane na yatima, wanafunzi wa kidato cha nne, bei ya kahawa, wasafiri wote wa barabara ya Moshi, viongozi wa nchi kuanzia wa kitongoji.

Alipofika kwa wakuu wa wilaya, laptop ikalala. Laptop isiyoguswa hulala, mtoto wa shule anajua. Kwenye lile jedwali la rangi kulikuwa na kila swali, isipokuwa hilo. Amri zikakatika, mashine ikasimama pale ilipofika, na kisu kikaendelea kuzunguka palepale, kwa kasi ileile, ndani ya ubao.

Allen akasikia mlio umebadilika. Akafungua jicho moja. Akaiona skrini nyeusi, akauona moshi mwembamba unapanda, na akaelewa yote. Mkono wake ungefika kwenye swichi bila hata kupiga hatua. Lakini amkatishe mtumishi wa Mungu mbele ya shangazi zake, aonekane mashine yake imemshinda? Akajiambia amina ipo karibu. Akalifumba lile jicho. Hapo ndipo ninapomkasirikia, na mpaka leo sijamaliza.

Ni Irine aliyekwenda dirishani akachomoa waya. Mota ikazimika. Mwinjilisti akafungua macho katikati ya sentensi, na watu wote wakauona ubao. Mwandiko wa mapindo ulikuwa umeandika ALLE vizuri kabisa kwenye kona ya chini, na hapo palipofuata pana shimo jeusi linalofuka moshi. Juu, mahali pa jina la mzee, hapakuwa na mkwaruzo.

Mama Elinipa akausogelea. Akagusa shimo kwa kidole, akakiondoa haraka kwa joto lake.

"Kwa nini ilianza na lako?" akauliza.

Allen akaeleza kwamba programu hii yenyewe huanzia kona ya chini, haimpi mtu nafasi ya kuchagua.

"Miezi mitatu," mama yake akasema, "ulikuwa unachagua nini?"

Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. Shangazi zake Allen wakaanza kutazama migomba.

Mama akamgeukia Lemburis, akamuuliza kama jina la mzee peke yake litatosha kwenye sehemu iliyobaki nzima. Fundi akapima kwa shubiri, akasema litatosha, na nafasi itabaki. Akaomba msumeno. Akaikata ile sehemu ya chini kwa mstari mmoja ulionyooka, akakaa kwenye kigoda na patasi yake, na kabla jua halijazama jina EPHRAIMU SUMARI lilikuwa limekaa kwenye ubao, herufi pana na nyofu.

Kile kipande kilichokatwa kilibaki uani. Allen akaenda kukiokota, labda akitaka kukificha kwenye gari, lakini mama yake alikuwa ameshakifikia. Akaingia nacho jikoni, akakisukuma chini ya sufuria, katikati ya mafiga. Kikashika moto mara moja, maana kilikuwa kimekauka vizuri. Chai ilipochemka, akammiminia fundi kwanza, kisha mwinjilisti, kisha Irine, na mwisho akampa mwanawe kikombe mkononi, akamkaribisha anywe ikiwa bado ya moto.